Kudai fidia mashine ikikuharibia nyumba: usiitupe hiyo mashine kwanza

Watu wengi friji ikishika moto au mpira wa mashine ya kufulia ukipasuka maji yakafika mpaka sebuleni, wanachokumbuka ni waranti tu. Wanapiga simu dukani, wanaambiwa lete tukubadilishie, wanachukua mashine mpya wanashukuru, halafu baada ya wiki kadhaa sakafu ya mbao inaanza kuvimba na rangi ya ukuta inabanduka ndo wanauliza sasa hii nani analipa? Waranti kazi yake ni mashine yenyewe. Hasara ambayo mashine imekuletea kwenye nyumba na vitu vyako ni dai lingine kabisa na lina njia yake. Tena karatasi nyingi za waranti zimeandikwa kwa vile vimaandishi vidogo kwamba kampuni haihusiki na hasara nyingine yoyote, na hiyo ndo sentensi watakayokusomea kwanza, ila isikukatishe tamaa manake nchi nyingi sheria ya kumlinda mlaji haimruhusu mfanyabiashara ajivue jukumu kwa kuandika tu.

Siku yenyewe ya tukio, zima umeme kwenye swichi kubwa kabla hujakanyaga maji, kisha funga maji, kisha ndo uanze kuokoa vitu. Kabla hujadeki piga picha na video, chumba kizima kwanza halafu sogea karibu, mstari wa maji ulipofika ukutani, sehemu iliyoungua, mpira uliopasuka ukiwa bado pale pale ulipo. Ukishapiga, kausha. Usiache nyumba imeloa eti unatunza ushahidi, kwanza ukungu unaweza kuanza ndani ya siku moja mbili tu, pili watakuja kukwambia hasara nusu umejitakia mwenyewe kwa kukaa tu, na hapo watakuwa na haki. Hela unayotumia kukausha, kukodi feni, kununua turubai, yote hiyo ni sehemu ya dai, tunza risiti.

Sasa mashine. Hapa ndo madai mengi yanakufa, kwa sababu mtu ana hasira anaitupa, au anamuita fundi wa jirani anaifungua yote anabadilisha kifaa na kile kibovu kinaenda na takataka. Hiyo mashine ndo shahidi wako mkuu. Chomoa, isogeze pembeni, ifunike, asiiguse mtu. Piga picha ya stika yenye modeli na namba ya seriali, kwenye mashine ya kufulia ya mlango wa mbele angalia kwenye fremu ukishafungua mlango, kwenye friji mara nyingi iko ndani ukutani karibu na droo za mboga, nyingine ziko mgongoni. Piga picha ya plagi na soketi yake pia kwa karibu. Plagi ikiwa safi, soketi haijaungua, lakini ndani kwenye kompresa (ile mota ya friji) ndo kumeungua, hiyo tayari inasema kitu. Ikiwa soketi ndo imeyeyuka, jiandae kuulizwa maswali kuhusu waya za nyumba.

Ukishapata hiyo namba ya modeli iingize mtandaoni utafute kama kampuni iliwahi kuita bidhaa hizo zirudi. Siyo kitu cha ajabu, 2016 Samsung waliita mashine za kufulia kama milioni 2.8 kule Marekani kwa sababu mfuniko wa juu ungeweza kuchomoka mashine ikiwa inazunguka. Modeli yako ikiwa kwenye orodha ya namna hiyo, na tatizo ni lile lile, kazi yako imepungua sana.

Kama haipo, itabidi uoneshe mwenyewe, na hapa jua unachotakiwa kuonesha. Umoja wa Ulaya wana sheria ya bidhaa zenye kasoro toka 1985, na Japani na Australia wakaja kutunga zao miaka ya 90, wazo lake ni kwamba huna haja ya kuthibitisha kampuni ilifanya uzembe, unathibitisha mambo matatu tu: bidhaa ilikuwa na kasoro, umepata hasara, na hasara imeletwa na hiyo kasoro. Nchi nyingine bado zinataka uthibitishe uzembe, kwa hiyo ulizia shirika la kutetea walaji kwenye nchi yako kabla hujaandika. Kokote ulipo ripoti ya fundi anayejitegemea, mwenye leseni, asiye wa duka, inakubeba sana. Aandike alichokiona na sababu kwa maoni yake, aweke tarehe na sahihi. Asifungue kitu kabla kampuni haijapewa nafasi ya kuja kuangalia, la sivyo watasema mlichezea.

Na ujiulize mwenyewe kwa ukweli kabla wao hawajakuuliza. Je, vitu vingine ndani viliungua saa ile ile, tivi, taa, chaja? Kama ndio basi huenda mashine haina kosa, umeme ndo ulipanda, na barua yako iende kwa kampuni ya umeme. Aliyefunga mashine ni nani? Kama ni fundi uliyemlipa na aliunga mpira vibaya, yeye ndo wa kudaiwa.

Hasara iandike kitu kwa kitu, kimenunuliwa lini, bei gani, risiti ipo au haipo (bila risiti, picha za zamani na miamala ya benki au ya simu husaidia). Usiweke bei ya kitu kipya kwa zulia la miaka tisa, watapunguza uchakavu na utaonekana unataka kujinufaisha. Matengenezo ya nyumba chukua makadirio kwa mafundi wawili au watatu kwa maandishi.

Kama una bima ya nyumba, wape taarifa mapema sana kwa sababu mikataba mingi ya bima ina muda wa kutoa taarifa, na ukilipwa na bima wao wenyewe ndo wanageuka kuidai kampuni, wewe usifanye makubaliano ya pembeni bila kuwaambia utaharibu. Ila ile sehemu ambayo bima inakukata mwanzoni, unaweza kutaka na yenyewe idaiwe.

Huna bima, andika barua kwa muuzaji na kwa mtengenezaji wote wawili, na kama mtengenezaji yuko nje ya nchi muweke na aliyeingiza bidhaa. Fupi tu. Kitu kama hiki: “Tarehe fulani mashine modeli hii, seriali hii, niliyoinunua kwenu tarehe fulani, ilivuja ikiwa inafua na kuharibu sakafu, kabati na ukuta. Ripoti ya fundi, picha na orodha ya hasara nimeambatanisha. Nadai kiasi hiki. Mashine ninayo, mnaweza kuja kuikagua. Naomba jibu ndani ya siku 14.” Matusi acha, vitisho acha. Itume kwa njia inayoacha ushahidi kwamba imefika, na wakikupigia simu, ukikata tu watumie emaili kurudia mliyoongea.

Wakisema wanataka kuichukua mashine wakaichunguze, usiwape hivi hivi. Omba wakague hapo hapo fundi wako akiwepo, wakigoma basi wasaini karatasi kuwa wamechukua nini, kiko hali gani na kinarudi lini.

Ofa ya kwanza mara nyingi ni ndogo, mashine mpya na hela kidogo, na inakuja na fomu. Soma hiyo fomu, ukiona maneno kama “malipo kamili na ya mwisho” ujue ukisaini hakuna kurudi hata dari likianguka kesho. Unaweza kupokea mashine mpya na kuandika wazi kwamba dai la nyumba bado liko palepale, wakikataa hilo basi usisaini. Siku 14 zikipita kimya, peleka malalamiko kwenye mamlaka ya kulinda walaji au nenda mahakama ya madai madogo kama ipo kwenu, nyingi zake huna haja ya wakili, ila angalia muda wa mwisho wa kufungua shauri mapema maana unahesabiwa hata mkiwa bado mnaandikiana barua.