Kupandikiza Jino la Mbele Siku Linapong'olewa: Mambo ya Kuangalia Ili Lipendeze

Mtu aliyevunjika jino la mbele katika ajali ya bodaboda hapa Nakuru huingia kliniki akiwa ameziba mdomo kwa kiganja, na jambo la kwanza analouliza ni kama atarudi nyumbani siku hiyo hiyo akiwa na jino. Mara nyingi inawezekana: mzizi hutolewa taratibu, skrubu ya titani, yaani kipandikizi, huingizwa katika shimo lile lile, na jino la muda hufungwa juu yake. Ninachomwomba ni kwamba, kabla ya kufurahia haraka hiyo, afikirie ufizi wake utakavyokuwa baada ya mwaka mmoja, kwa sababu uzuri wa jino la mbele hutegemea nyama na mfupa vinavyolizunguka kuliko jino lenyewe.

Anza kwa kujitazama. Simama mbele ya kioo karibu na dirisha, ucheke kama unavyocheka na watu wako, uone mdomo wa juu unapanda hadi wapi. Ikiwa fizi zako huonekana, hata kosa la milimita moja litaonekana nazo. Kisha mwombe daktari apime unene wa ufizi: huchomeka kijiti chembamba cha kupimia kati ya ufizi na jino, na rangi ya kijiti ikionekana kupitia nyama, ufizi huo ni mwembamba. Ufizi wa namna hiyo hujivuta kwa urahisi na kuliacha jino jipya likionekana refu kuliko pacha wake.

Usikubali jino ling'olewe kabla ya kupigwa eksirei ya pande tatu, kwa maana eksirei ya kawaida haionyeshi ukuta wa mfupa ulio mbele ya mzizi, upande wa mdomo. Kwa watu wengi ukuta huo haufikii unene wa milimita moja, na sehemu yake kubwa huishi kwa kutegemea jino. Jino likiondoka, nao huanza kuyeyuka. Wengi huambiwa kwamba kipandikizi cha papo hapo huzuia kuyeyuka huko. Hakizuii. Ndiyo maana daktari makini huielekeza skrubu nyuma kidogo, upande wa kaakaa, akaacha mwanya wa milimita 2 au zaidi upande wa mbele, akaujaza chembechembe za mfupa, na mahali penye ufizi mwembamba akaongeza kipande cha nyama kilichotolewa kaakaani. Muulize waziwazi kama atafanya hivyo. Ikiwa ukuta umebomoka au usaha umejaa, kwa maoni yangu ni heri ukae na jino la bandia la kuvua kwa wiki 4 hadi 8, nyama ipone kwanza, kuliko kuharakisha ukajutia pengo lililobonyea.

Waliopoteza meno mawili yanayofuatana wajue mapema kwamba kile kipembe cha ufizi kinachojaza nafasi kati ya meno ni kigumu kukirudisha kati ya vipandikizi viwili. Skrubu zikikaribiana chini ya milimita 3, mfupa ulio katikati hushuka na tundu jeusi hubaki.

Suala la rangi linatuhusu sana sisi wa Bonde la Ufa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza floraidi isizidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa, na visima vingi vya huku hupita kiwango hicho, hivyo wengi tuliokulia hapa tuna meno yenye michirizi myeupe na madoa ya kahawia. Jino moja jeupe pepe katikati ya meno hayo litajulikana mara moja kuwa si lako. Rangi ilinganishwe kwa mwanga wa mchana, mwanzoni kabisa mwa miadi, kwa kuwa meno yakikaa wazi hukauka na kuonekana meupe kuliko yalivyo. Na fundi anayetengeneza jino atumiwe picha za karibu ili aige hata madoa.

Jino la muda ni la sura tu. Lisigusane na meno ya chini unapouma, na kwa miezi 3 hadi 6 mahindi ya kuchoma na miwa viwekwe kando, kwani skrubu ikitikisika haishikani na mfupa. Sigara huchelewesha kupona na hudhuru ufizi, na mwenye kisukari kisichodhibitiwa atibiwe kwanza.

Siku ya kufungwa jino la muda, pigwa picha ukitabasamu, kisha nyingine kila unaporudi kliniki, kwa mwanga na umbali ule ule. Kofia ya kudumu, yaani jino litakalochukua nafasi ya lile la muda, isitengenezwe mpaka picha mbili za mwisho zionyeshe kwamba ukingo wa ufizi haujasogea.