Hesabu taka kabla ya kuzibeba

Vijana wenzangu mnaosafisha ufukwe wa Coco Beach, Dar es Salaam, msikimbilie kujaza viroba. Tandikeni turubai, mwageni taka, pangeni mafungu: vizibo, chupa, mirija, vifuko laini vya kubebea. Hesabuni, pigeni picha, ndipo mbebe. Ukimwambia mwenyekiti wa mtaa "taka ni nyingi", atakupa pole na soda (ya chupa ya plastiki!). Ukimpa idadi ya vifuko, ilhali mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, ana pa kuanzia: nani bado anaviuza? Ila msihesabu baada ya mvua kubwa. Mto Msimbazi hushusha taka za huko juu mjini, mtamsingizia muuza mihogo wa hapo ufukweni bure.