Namna ya Kusimamia Tope Jekundu Linalotokana na Usafishaji wa Boksiti

Kiwanda kinapozalisha tani moja ya alumina, yaani unga wa kutengenezea alumini unaopatikana kwa kusafisha mawe ya boksiti, hubakiwa na takriban tani moja hadi tani moja na nusu ya tope jekundu kwa uzito mkavu. Duniani kote mabaki hayo huzidi tani milioni 150 kwa mwaka, na sehemu kubwa huishia kwenye mabwawa na malundo yatakayodumu kwa vizazi. Mwongozo huu unawahusu wahandisi, maofisa wa mazingira na viongozi wa jamii zinazoishi jirani na viwanda hivyo. Unasimama juu ya hoja moja: tope lipunguziwe maji na kostiki soda (kemikali ya alkali kali inayounguza) kabla halijatoka kiwandani, kwa sababu tuta la bwawa, hata likiwa imara namna gani, halipunguzi ukali wa kilichomo ndani yake.

Anza kwa kulifahamu tope lenyewe. Katika mchakato wa Bayer, uliobuniwa na Carl Josef Bayer katika miaka ya 1880, boksiti iliyosagwa hupikwa kwa shinikizo ndani ya kostiki soda ya moto. Alumina huyeyuka, na visivyoyeyuka hutenganishwa na kuwa taka. Wekundu wake unatokana na oksidi za chuma. Humo pia mna alumina iliyosalia, silika, titaniamu, kalsiamu na sodiamu, pamoja na viasi vidogo vya arseniki, vanadiamu, kromiamu, urani na thoriamu. Kiwango chake cha pH, yaani kipimo cha asidi na alkali ambacho 7 ndiyo katikati, kwa kawaida huwa kati ya 10 na 13. Kwa kuwa muundo hubadilika kulingana na machimbo, usitegemee takwimu za kiwanda kingine. Chukua sampuli upya kila chanzo cha boksiti kinapobadilika.

Katika upimaji huo, usiridhike na kipimo cha pH cha mara moja. Soda iliyomo kwenye maji huonekana papo hapo, lakini sodiamu nyingine imefungwa ndani ya madini yanayojiunda silika inapokutana na soda wakati wa kupika. Madini hayo huyeyuka polepole, na tope lililoonekana kupungua ukali leo huweza kupandisha pH yake tena baadaye. Rudia vipimo kwa wiki na miezi, ukitumia sampuli zilizolowekwa na kutikiswa. Pima pia arseniki na vanadiamu katika maji yanayochujuka, maana elementi hizi husafiri kwa urahisi zaidi maji yanapokuwa na alkali kali, tofauti na metali nyingi ambazo watu wamezoea kuzihofia kwenye maji yenye asidi.

Baada ya hapo, osha na kamua. Tope lipitishwe kwenye msururu wa matangi ya kuoshea, huku maji safi yakiingilia tangi la mwisho na kurudi nyuma kuelekea la kwanza, yakikutana na tope lililo chafu zaidi kadiri yanavyosonga. Soda inayookolewa hurejeshwa kwenye upikaji, hivyo kila hatua ya uoshaji hupunguza gharama na sumu kwa pamoja. Kisha tumia machujio ya mgandamizo, ambayo hutoa mabaki yenye zaidi ya asilimia 70 ya vitu vigumu, yanayobebeka kwa lori na kushindiliwa kwa tabaka. Machujio hayo ni ghali, lakini kwa maoni yangu hakuna fedha inayotumika vizuri zaidi katika kazi hii yote, kwa kuwa lundo lililokamuliwa haliwezi kutiririka kama bwawa la uji mwepesi.

Kuhusu kupunguza alkali iliyobaki, ziko njia tatu zinazotumika. Viwanda vilivyo pwani, kama vile vya Queensland nchini Australia, huchanganya tope na maji ya bahari, ambayo magnesiamu na kalsiamu yake hunasa alkali na kushusha pH hadi karibu 8 au 9. Njia ya pili, iliyotumiwa Kwinana katika Australia Magharibi, ni kupitisha hewa ya kaboni dioksidi ndani ya tope zito. Ya tatu ni kuchanganya jasi. Asidi kali huonekana kama njia ya mkato, lakini huhitajika kwa wingi mno na inaweza kuyeyusha metali zilizokuwa zimetulia. Kumwaga tope baharini kusihesabiwe kuwa suluhisho: kiwanda cha Gardanne nchini Ufaransa kilifanya hivyo katika korongo la Cassis kwa miongo kadhaa, na kulitupa huko kulikoma mwishoni mwa mwaka 2015.

Eneo la kuhifadhia liwe na udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, juu yake karatasi nzito ya plastiki, na mabomba ya kukusanya maji yanayochujuka. Ndani ya tuta wekwe vipima shinikizo la maji, na kulizunguka eneo vichimbwe visima vya uangalizi. Maji ya mvua yasiachwe kutuama juu ya tope. Tarehe 4 Oktoba 2010, kona ya bwawa la kiwanda cha Ajka nchini Hungaria ilibomoka, na mamia ya maelfu ya mita za ujazo za maji makali na tope zikafurika kijiji cha Kolontár na mji wa Devecser. Watu kumi walikufa, wengine zaidi ya mia moja walijeruhiwa, wengi wao kwa kuunguzwa na alkali, na viumbe wa mto Marcal wakaangamia. Kwa hiyo, watu walio chini ya bwawa wawe na king'ora, njia ya kupanda sehemu ya juu, na elimu ya huduma ya kwanza: kuvua nguo zilizolowa, kujisuuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu bila kujipaka siki, na kwenda hospitali hata kama jeraha linaonekana dogo, kwa sababu alkali huendelea kuingia ndani ya ngozi baada ya saa nyingi.

Lundo kavu nalo lina hatari yake, nayo ni vumbi lenye chumvi za sodiamu. Linyunyizwe maji, lilimwe ili unyevu wa chini upande juu, na sehemu zilizokamilika zifunikwe mapema. Ili mimea iote, changanya jasi na mboji kwenye tabaka la juu, acha mvua isafishe sodiamu kuelekea kwenye mabomba ya kukusanyia, kisha panda nyasi zinazostahimili chumvi.

Sehemu ya mabaki inaweza kuuzwa kwa viwanda vya saruji, kama inavyofanyika Ugiriki, lakini kiasi hicho bado ni kidogo mno kikilinganishwa na kinachozalishwa. Kabla ya kuyatumia katika matofali ya nyumba, pima mnururisho wa urani na thoriamu pamoja na sodiamu inayoweza kutoka. Hata kiwanda kikifungwa, fedha za kusukuma na kusafisha maji yanayochujuka ziwe zimetengwa tangu siku za uzalishaji, na vipimo vya visima viendelee kusomwa na kutolewa kwa majirani.