Kuchonga chembe cha mshale kwa kitako cha chupa

Wiki iliyopita nilikaa na kijana aliyekuwa amevunja vipande tisa mfululizo. Mkono wake una nguvu kuliko wangu, vifaa vyake ni safi, na subira anayo. Kasoro ilikuwa moja tu, ileile iliyonipotezea miezi nilipoanza: hakuwa anauandaa ukingo. Ndiyo maana hatua ya tatu hapa chini ni ndefu. Isome mara mbili kabla hujashika chombo.

Hatua ya 1: Kipande

Tafuta kitako cha chupa nene, ukitenge na kuta zake. Kioo cha dirisha la gari hakifai, kwani kimekazwa kwa joto na hupasuka punje punje.

Kuna wanaosema bila gumegume (jiwe gumu la kuwashia moto) au obsidiani (kioo cha asili cha volkano) hujachonga kitu. Sikubaliani nao kabisa. Vyote vitatu hupasuka kwa namna moja: nguvu husambaa ndani kama koni, na kibanzi hutoka kikiwa na mawimbi kama ya ganda la kombe. Ishi, mtu wa mwisho wa kabila la Yahi aliyejitokeza Oroville, California, mwaka 1911, alitumia kioo cha chupa alipokuwa akiishi kwenye jumba la makumbusho San Francisco, na chembe zake hadi leo ni somo kwa mafundi.

Hatua ya 2: Vifaa

Waya mnene wa shaba nyekundu uliochomekwa kwenye mpini wa mbao na kuchongoka kidogo. Ngozi nene ya kufunika kiganja. Jiwe la mchanga la kusugulia. Miwani ya kinga, wakati wote.

Msumari wa chuma usiutumie. Chuma ni kigumu mno, huteleza na kuuponda ukingo. Shaba huuma kidogo na kushika. Pembe ya ayala ni tamu zaidi mkononi, lakini utainoa kila baada ya dakika chache.

Fanya kazi nje, penye upepo. Siku utakapohamia kwenye gumegume, vumbi lake lina silika (madini yaliyomo kwenye mchanga), na mapafu yakishaharibiwa na silika hayaponi.

Hatua ya 3: Ukingo

Laza kipande kwenye ngozi kiganjani. Kibanzi kitatoka upande wa chini, ule uliogusana na ngozi. Basi ukingo unaobonyeza lazima uwe chini ya mstari wa katikati ya unene, karibu na uso huo wa chini. Ukiwa juu ya mstari huo, nguvu hupita katikati ya kipande na kukivunja vipande viwili. Ukiwa katikati kabisa, utapata kibanzi kifupi kinachokatika ghafla na kuacha ngazi.

Kuushusha ukingo: geuza kipande, kisha bonyeza wima ukibandua vibanzi vidogo, vifupi, kuzunguka pande zote. Kirudishe kilivyokuwa. Sasa una mteremko juu na ukingo umeshuka. Hapo kwenye mteremko ndipo ncha ya shaba itakapokaa.

Bado hujamaliza. Ukingo huo ni mkali kama wembe, na wembe haubebi mzigo. Sugua kwa jiwe la mchanga, kwa nguvu, mpaka ukipitisha ukucha usikwaruzwe. Yule kijana alisugua mara mbili akaniambia tayari. Nikamrudisha mara nne. Mara ya tano kibanzi kilitoka kirefu kikavuka katikati ya kipande, chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, naye akakaa kimya akikitazama.

Na hili rudia baada ya kila mzunguko wa vibanzi, kwa sababu kila kibanzi kikitoka kinaondoka na ukingo wake.

Ngazi ikishatokea, usiishambulie kutoka palepale. Kila jaribio huiongeza kimo. Ifuate kutoka ukingo wa upande wa pili, na kibanzi kirefu kitapita chini yake na kuibeba.

Hatua ya 4: Kubonyeza

Kaa, mkono ulioshika kipande uegemee ndani ya paja. Weka ncha nyuma ya tuta lililoachwa na vibanzi viwili jirani, maana kibanzi hufuata tuta. Sukuma kwanza kuelekea ndani ya kipande, jaza nguvu taratibu, kisha zidisha kidogo kuelekea chini. Nguvu itoke begani na mapajani. Kifundo cha mkono kikae kimya. Wengi hubonyeza chini tangu mwanzo, na vibanzi vyao huishia pembeni.

Hatua ya 5: Umbo

Nyembamisha kwanza, chora umbo baadaye. Pengo za kufungia uzi ziwe za mwisho kabisa: bandua kibanzi kimoja, geuza, bandua kingine palepale, polepole.

Hatua ya 6: Alama na taka

Chonga herufi zako na mwaka kwa kalamu ya almasi kwenye kitako cha chembe. Vibanzi vyote vikusanye kwenye turubai, hata vile vidogo. Usivimwage porini, hasa karibu na mahali palipo na zana za kale, kwa sababu kibanzi cha leo na cha kale huweza kufanana kabisa, na mwanaakiolojia atakayevikuta hatakuwa na wa kumuuliza. Mimi nikizika taka zangu, naweka sarafu ya mwaka huo chini kabisa ya shimo.