Enduro: pumzi itunze kwenye kupanda

Wadau wa baiskeli Mbeya, kwenye enduro (mashindano ya baiskeli za milimani) saa inahesabu vipande vya kushuka tu, kupanda hakuhesabiwi ila mara nyingi unapewa muda wa kufika kipande kinachofuata na ukichelewa unakula penalti, kwa hiyo panda mdogomdogo usishindane na mtu. Kushuka kafanyie mazoezi pale mlima Loleza asubuhi udongo ukiwa bado na umande, uone tairi linavyoteleza (na wapishe wanaotembea jamani), upepo punguza kidogo tu, ukizidisha rimu inagonga mawe. Pedi za breki zikiwa nyembamba badilisha kabisa, mteremko mrefu unazila vibaya mno. Tyubu na pampu beba mwenyewe, mashindano mengi hayaruhusu msaada wa nje njiani. Helmeti ya kufunika uso ulizia mapema, kuna waandaaji bila hiyo huanzi.