Tela la korosho kwenye mteremko wa Newala

Ndugu zangu mnaovuta tela la korosho kwa pikapu, kabla ya kushuka kutoka Newala kwenda Masasi hesabuni uzito. Magunia 20 ya kilo 80 ni kilo 1,600, na tela lenyewe bado hujalihesabu! Linganisha jumla na kikomo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Injini inaweza kuvuta mzigo ambao breki haziwezi kuusimamisha. Magunia yakae juu ya ekseli, yaani chuma kinachounganisha matairi ya tela, yakisogea mbele kidogo. Ukiyarundika nyuma tela litayumba. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Usikanyage breki mfululizo, zikichemka hazishiki. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha pembeni, weka mawe mbele ya matairi, zipoe.