Kutafuta Asili ya Ukoo Wako Uganda: Fuata Mahali Kabla ya Jina

Babu yangu mzaa baba alikuwa na majina matatu. Kwao, upande wa Kisumu, aliitwa Okello, kwa sababu alizaliwa akiwafuata mapacha. Alipobatizwa akapewa jina la mtakatifu. Alipoajiriwa reli, karani aliandika jina la baba yake mahali pa jina lake, na likabaki hivyo mpaka alipostaafu. Nilipoanza kumtafuta nilishikilia jina moja tu, na kwa miaka miwili sikupata kitu. Nilimpata nilipoanza kuuliza swali jingine: alikaa stesheni gani, na jirani yake alikuwa nani?

Leo nasaidia familia hapa Jinja na miji ya jirani kutafuta asili zao, na bado naanzia hapo. Katika makabila mengi ya Uganda jina halirithiwi kama shamba. Baba anaweza kuwa na jina lake, mwanawe lake, na ndugu wawili wa tumbo moja wasishiriki hata herufi. Ukikutana na Kato mwaka 1925 na Kato mwingine mwaka 1950, usiwaunganishe: Kato ni pacha wa kiume aliyezaliwa wa pili, na kila kijiji cha Buganda kina wake. Lakini kijiji, muluka (kundi la vijiji), gombolola (kundi la miluka), ukoo na kaburi havihamihami. Hivyo ndivyo vya kushika.

Hatua ya 1: Fungua sanduku la nyumbani

Kabla hujapanda taksi kwenda ofisi yoyote, omba kuona karatasi za wazee: kadi za ubatizo, vyeti vya ndoa, barua za kazi, picha, tiketi za kodi. Tiketi ya kodi ya graduated, kodi ya kila mtu kwa kadiri ya kipato, ile iliyofutwa mwaka 2005, watu wengi wameitupa, na inaniuma kila ninaposikia hivyo. Inakuambia mtu alikuwa akilipia gombolola gani mwaka gani. Ukipata tiketi tano za mtu mmoja, una safari ya maisha yake.

Barua ya kazi isiyo na tarehe isikukatishe tamaa, tazama kichwa cha karatasi. Kwa watu wa reli, ikisomeka Kenya and Uganda Railways, iliandikwa kabla ya 1948. Ikiwa East African Railways and Harbours, ni kati ya 1948 na 1969. Bandari zilipotenganishwa likabaki East African Railways, mpaka Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977. Kipande cha karatasi kilichokatika tarehe kinaweza kukupa miaka kwa namna hiyo.

Piga picha kila karatasi mbele na nyuma kwa simu, palepale, mwenye karatasi akiwa amekaa nawe. Usiondoke na karatasi halisi hata ukipewa kwa moyo mweupe.

Hatua ya 2: Kaa na wazee, na uwe na subira

Hii ndiyo kazi yenyewe, na haina mbadala. Anza na mzee kuliko wote, hata kama shajara yako inasema mwingine yuko karibu zaidi. Ofisi itakuwepo mwaka ujao.

Nenda na mtu anayejulikana pale, na usiende mikono mitupu: sukari, sabuni, mkate. Salimu kwa utaratibu wa nyumba hiyo. Kisha, kabla ya swali lolote, sema wazi kwamba hukuja kwa ajili ya ardhi. Nimewahi kufika nyumba moja na daftari langu, nikauliza babu alizikwa wapi, na mlango ukafungwa. Mwenye nyumba alidhani natafuta mpaka wa shamba ili nidai. Nilirudi baada ya miezi minne nikiwa na shangazi yake, tukanywa chai, na siku hiyo sikuuliza kitu. Safari ya tatu ndipo alinipeleka mwenyewe makaburini.

Usimwulize mzee alizaliwa mwaka gani. Mwulize alikuwa na ukubwa gani tukio fulani lilipotokea. Nilikaa na bibi mmoja upande wa Iganga, mazungumzo yakaenda hivi:

"Jaja, siku ya Uhuru ulikuwa umeshaolewa?"

"Nilikuwa na mmoja mgongoni, mwanangu. Na mkubwa wake ndiye aliyekuwa akinitekea maji."

Mtoto anayeweza kwenda kisimani ana miaka sita au saba. Uhuru ni Oktoba 1962. Basi mtoto wa kwanza alizaliwa karibu 1956, na bibi aliolewa kabla ya hapo. Karatasi hakuna, lakini sasa najua daftari la ndoa la miaka gani nikalifungue.

Matukio ninayoyatumia zaidi ni haya: Kabaka Mutesa alipopelekwa uhamishoni 1953 na kurudi 1955, bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa 1954, mvua kubwa za 1961, Amin alipochukua nchi Januari 1971, Wahindi walipofukuzwa 1972, vita vya 1979. Kwa habari ambazo mzee alizisikia kwa wazazi wake, uliza kuhusu nzige wa 1931, vita vya Wajerumani vya 1914, na ugonjwa wa malale. Malale ni muhimu sana kwa familia za pwani ya ziwa na visiwa vya Ssese, kwa sababu kati ya karibu 1907 na 1909 serikali iliwahamisha watu. Familia inayosema "sisi asili yetu ni hapa" huenda ilifika hapo wakati huo.

Kuna mtego mmoja ambao umeniharibia michoro mingi. Neno baba. Kwetu ndugu wa baba naye ni baba. Na kwa Waganda, mrithi aliyesimikwa kwenye msiba, yaani omusika, anaketi mahali pa marehemu, na watu humwita kama walivyomwita marehemu. Mzee akisema "baba yangu alijenga nyumba hii," uliza kwa upole: "Aliyekuzaa, au aliyerithi?" Usipouliza, vizazi viwili vitakuwa mtu mmoja.

Rekodi kwa simu kwa idhini yake, lakini andika pia kwa mkono. Na daima uliza majina ya wanawake. Wakikuambia "mke wa fulani," endelea: alitoka kwa nani, mwiko wao (mnyama au kitu ambacho ukoo wao hauli) ni upi, ndugu zake wa kiume walikuwa nani?

Hatua ya 3: Tafuta ukoo na mwiko wake

Kwa Buganda una bahati, kwa sababu ukoo wenyewe ni kama jumba la kumbukumbu. Kila ekika, yaani ukoo mkubwa, kina mwiko wake, yaani omuziro: Ngabi, Mmamba, Nkima, Nsenene, Ffumbe na nyingine. Chini ya ekika kuna essiga, kisha omutuba, kisha olunyiriri, kisha oluggya, mpaka nyumba yenu. Kila ngazi ina mkuu wake, na juu kabisa yuko owakasolya. Kujua tu kwamba wewe ni wa Mmamba hakukufikishi mbali. Uliza essiga na omutuba. Mkuu wa omutuba mara nyingi ana daftari la watu wake, na anajua butaka yenu iko wapi, yaani ardhi ya asili wanakozikwa wazee wa ukoo. Mtu akiweza kulanya, kutaja ukoo wake ngazi kwa ngazi hadi kwa babu wa mbali, andika kila neno bila kumkatiza.

Uliza pia ukoo wa mama. Mganda haoi katika ukoo wa baba wala wa mama, kwa hiyo wazee wanaukumbuka hata kama jina la bibi limesahaulika. Ndiyo njia nzuri kuliko zote ya kumrudisha mwanamke kwenye mti wa ukoo.

Siku ya okwabya olumbe, msiba wa kumaliza matanga, hudhuria bila kukosa. Jamaa wa mbali wote wanakuja na mrithi anatajwa hadharani.

Kwa Wanyoro na Watooro, jihadhari na empaako. Amooti, Akiiki, Abooki na wenzake ni majina ya heshima na upendo, yako kumi na mawili tu, na nusu ya kijiji wanayashiriki. Hayathibitishi undugu. Kwa Wamasaaba wa Mlima Elgon, uliza mzee alitahiriwa mwaka gani. Imbalu, yaani tohara yao, hufanyika kila mwaka wa namba shufwa, na kila rika lina jina lake, hivyo jina la rika linakupa mwaka ambao hakuna karani aliyeuandika.

Kwa sisi wenye damu ya Wanubi, na bibi yangu ni wa Bombo, hakuna mwiko wa kufuata. Unafuata kambi. Wengi tunatokana na askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, ambao Lugard, nahodha Mwingereza, aliwakuta magharibi ya Ziwa Albert mwaka 1891 akawaleta huku. Uliza familia ilipita ngome gani kabla ya kufika Bombo, na nani walikuwa pamoja nao.

Hatua ya 4: Madaftari ya kanisa na msikiti

Wamisionari wa Kianglikana walifika 1877, Mapadri Weupe wa Kikatoliki 1879, na wale wa Mill Hill wakaanza Nsambya mwaka 1895. Kwa familia nyingi, daftari la ubatizo ni la zamani kuliko karatasi yoyote ya serikali yenye jina lao.

Daftari la Kikatoliki mara nyingi liko kwa Kilatini, lakini maneno ni machache: natus ni amezaliwa, pater ni baba, mater ni mama, patrinus ni msimamizi wa ubatizo. Mimi huanza na ukingo wa ukurasa. Hapo padri huongeza baadaye habari ya ndoa, na mara nyingi parokia ilikofanyika. Mwanamke mmoja niliyekuwa nikimtafuta alipotea kabisa kijijini kwake, na mstari mdogo wa wino wa buluu pembeni ya ubatizo wake ndio ulionipeleka parokia nyingine, wilaya ya tatu, ambako watoto wake wote sita walibatizwa.

Parokia zimegawanywa mara nyingi, na madaftari ya kale kwa kawaida hubaki parokia mama. Uliza parokia yenu ilizaliwa na ipi. Kwa upande wa Kianglikana, nyaraka nyingi za Kanisa la Uganda zinatunzwa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, Mukono. Kwa Waislamu, anza na imamu wa msikiti walikofungia ndoa. Sheria ya kuandikisha ndoa za Kiislamu ipo tangu 1906, ingawa si kila ndoa iliandikwa.

Soma kwa sikio. Karani Mwingereza aliandika alichosikia, kwa hiyo Kyaggwe inaweza kuwa Chagwe, na l na r hubadilishana viti. Tamka jina kwa sauti kabla ya kusema halipo.

Hatua ya 5: Ikiwa babu alikuwa askari

King's African Rifles, jeshi la askari Waafrika chini ya Waingereza, iliundwa 1902, na wengi wetu Kiswahili kilituingia kupitia kambi zake. Ikiwa kuna medali nyumbani, igeuze. Medali ya vita ya kwanza iliyotolewa kwa askari huwa na namba na jina vilivyochongwa ukingoni. Nyota za vita ya pili hazikuandikwa jina, basi hapo utategemea barua na kumbukumbu za familia. Aliyefia vitani mtafute kwenye orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayopatikana bure mtandaoni. Wapagazi wengi wa vita ya kwanza hawakuandikwa majina. Ikiwa wako hayumo, hilo si ushahidi kwamba hakwenda.

Hatua ya 6: Nyaraka za serikali na ardhi

Sasa, ukiwa na mahali na miaka, nenda Wandegeya, Kampala, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka. Humo kuna faili za serikali ya kikoloni zilizokuwa Entebbe. Usiombe jina la mtu. Omba faili za wilaya, za machifu, za makazi mapya ya watu. Fort Portal, nyaraka za wilaya ya Kabarole ziko Chuo Kikuu cha Mountains of the Moon. Vitabu na magazeti ya kale vitafute Maktaba Kuu ya Makerere.

Ikiwa familia ilikuwa na mailo, yaani ardhi ya kumiliki moja kwa moja, kutokana na Mkataba wa 1900 kati ya Buganda na Waingereza, rekodi ya ardhi huonyesha mkono kwa mkono nani alimrithisha nani. Unahitaji namba ya bloku na ya ploti. Lakini waambie jamaa zako kabla hujaenda, wasikie kwako.

Hatua ya 7: Andika ulichopata, na ulikipata kwa nani

Kwa kila mtu tenga ukurasa. Andika majina yake yote, mahali, ukoo, na pembeni ya kila jambo andika nani alisema, wapi, siku gani. Wazee wawili wakipingana, andika wote wawili. Mimi hutumia kalamu nyeusi kwa kilicho kwenye karatasi na ya buluu kwa kilichosimuliwa.

Halafu chapisha nakala na uirudishe kwa waliokupa habari. Msomee bibi kwa sauti, polepole, akiwa na wajukuu karibu. Acha mistari mitupu katikati ya majina, maana atakapofika kwa watoto waliokufa wadogo, wale ambao hakuna aliyewauliza, atakusimamisha na kuwataja.